Nyasoro Alifukia Nini

Mimi ni mwepesi wa hasira, na wanafunzi wangu wanalijua hilo vizuri. Siku nilipofungua bahasha ya mitihani ya kidato cha nne iliyorudi kutoka shule jirani, kidato cha pili walinisikia wakiwa jengo la ng'ambo. Tulikuwa tumebadilishana: wao wasahihishe ya kwetu, sisi tusahihishe ya kwao, pasiwe na upendeleo. Swali la tamthilia lilikuwa moja tu, kujadili uhusika wa Nyasoro. Na darasa zima, kuanzia anayekaa mbele hadi anayesinzia nyuma, lilikuwa limeandika sentensi ileile: "Nyasoro ni mwendawazimu na msaliti, kitendo chake cha kufukia majani kinaashiria kukata tamaa." Neno kwa neno. Hata mkato ulikaa palepale.

Ilikotoka sentensi hiyo nakujua. Inatoka kwenye mwongozo, kijitabu cha kurudufu kinachouzwa stendi ya Sumbawanga mjini pamoja na vocha na karanga. Mwongozo unakupa dhamira, unakupa wahusika, unakupa ujumbe, vyote vimeshatafunwa, kazi yako ni kumeza. Wanafunzi wanaupenda kuliko kitabu chenyewe. Walimu wengine pia wanaupenda, sitaki kutaja majina, ila mmoja wao anaitwa Isdori na ndiye mkuu wa taaluma wa shule yetu.

Kwa asiyeijua, tamthilia yenyewe inaitwa "Mlango wa Ghala". Ni ya siku nyingi. Mama yangu aliisoma, mimi niliisoma, na mwaka huu imerudi nikapewa niifundishe. Ardhi ya nchi fulani imechoka, mavuno yamekataa, njaa imeingia. Mtemi Kisanji anafunga ghala na kuamuru watu wote wakae uani kwake wakimsifu, ndipo wagawiwe chakula kidogokidogo. Mkewe mkubwa, Nyasoro, hakai. Anachukua kibuyu cha mbegu za mahindi ghalani bila ruhusa, anatoka peke yake kwenda bondeni, anakata majani na kuyafukia chini ya udongo. Kesho anarudi tena, na keshokutwa tena. Walinzi wanamkamata akiwa na kibuyu kitupu, wanasema mbegu kazila. Mtemi anamwuliza anafukia nini huko bondeni, naye anajibu, "Naufukia mwaka huu." Basi. Anafukuzwa, anafia njiani, baadaye ghala linaungua, na mchezo unaendelea bila yeye.

Katika bahasha ile, karatasi moja haikufanana na nyingine. Ilikuwa ya Anjela, binti wa mzee Urbano, mrefu, mkimya, anayevaa sweta la kaka yake mikono ikamfika kwenye vidole. Aliandika: "Sidhani kama Nyasoro ni mwendawazimu. Mwendawazimu hanoi mundu kabla ya kukata majani, na kitabu kinasema Nyasoro aliunoa. Anajua anachofanya, ila mimi bado sijajua ni nini."

Nilisimama wima ofisini peke yangu. Mwalimu wa fasihi anaweza kufundisha mpaka astaafu asiione sentensi ya namna hiyo kwenye karatasi ya mtihani. Huyu mtoto alikuwa amesoma kitabu, amekikodolea macho, ameona mundu, na akawa mkweli kiasi cha kusema hajaelewa bado. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, msahihishaji alikuwa ameandika: "Rejea mwongozo." Na chini yake sifuri, imeviringishwa vizuri kabisa.

Ndipo nilipopiga kelele.

Anjela hakupiga kelele. Aliipokea karatasi yake, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa sweta. Wiki iliyofuata nilipouliza habari za Nyasoro darasani, yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza, na akatiririsha mwongozo wote bila kukwama, mwendawazimu, msaliti, kukata tamaa.

"Hivyo ndivyo ulivyoona wewe?" nikamwuliza.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa, mwalimu," akajibu, na akakaa.

Iliniuma, siwezi kuficha. Alikuwa na macho yake mwenyewe, na kalamu moja nyekundu imemfundisha kuyafumba. Nikajiapia kwamba hatamaliza kidato cha nne akiwa ameyafumba, hata kama itabidi nigombane na ofisi nzima.

Bahati ikaja yenyewe. Isdori aliingia ofisini ameshika barua, uso umemshuka. Kulikuwa na shindano la fasihi kwa shule za sekondari, lingefanyika mjini Matai, na mwaka huu wameligeuza kuwa kesi: mhusika wa kitabu anashtakiwa, shule moja inamsomea mashtaka, nyingine inamtetea. Kura ilikuwa imeshapigwa. Sisi tumepata kumtetea Nyasoro.

"Tumekwisha, Madam Edith," Isdori akasema. "Mwongozo hauna utetezi."

Nilicheka mpaka akaudhika. Nikamwambia wakili wetu atakuwa Anjela. Akakubali kwa shingo upande, maana yeye alimtaka Meshack, mchekeshaji wa darasa, mwenye sauti ya kufika hadi barabarani. Anjela mwenyewe ndiye aliyekataa.

"Mchague Meshack, mwalimu."

"Nimekuchagua wewe."

Akafikiri kidogo. "Basi nitaomba asamehewe kwa kuwa ni mwendawazimu. Hapo sitakosana na mwongozo."

Isdori akapiga meza kwa furaha. Utetezi safi kabisa, akasema, mshtakiwa hana akili timamu, majaji hawana pa kumkatia alama. Mtoto aliyeona mundu ulionolewa sasa anakwenda kusimama mbele ya watu kumwita mwanamke yule kichaa, ili tu asipewe sifuri nyingine.

Ijumaa iliyofuata nikawatoa nje. Mvua zilikuwa zimekolea, majani nyuma ya madarasa yamefika kiunoni, na upepo wa huku kwetu juu ulikuwa unapuliza kama kawaida yake, kila mtu kajikunyata. Nikawaambia leo hatusomi, tunaigiza onyesho la tatu. Meshack akawa Mtemi, akajiviringishia sweta kichwani likawa taji. Salome, msichana mwenye mdomo mwepesi, akawa mlinzi pamoja na wenzake wawili. Anjela nikampa mundu na jembe la shule.

"Haya, Nyasoro. Fanya alichofanya."

"Nifukieje, mwalimu? Kitabu hakielezi."

"Fukia unavyojua wewe."

Akapandisha mikono ya sweta. Akakata majani, akayakusanya mahali pamoja, akayakanyaga kidogo. Akashika jembe, akaanza kukata udongo kuyazunguka, akiugeuza mizizi ikatazama juu, akiyafunika majani huku anarudi kinyumenyume, duara, duara, mpaka kikatokea kilima kidogo cha mviringo. Akakipigapiga juu kwa mgongo wa jembe. Kisha, bila hata kuinua macho, akasogea hatua moja pembeni na kuanza kukata majani ya kilima cha pili.

Walinzi walisahau kumkamata. Meshack alikuwa amesimama na taji lake, ameachama. Akakumbuka maneno yake akasema, "Wewe mwanamke, unafukia nini?" lakini sauti ya utemi ilikuwa imemtoka kabisa. Anjela alikuwa anakitazama kile kilima.

Salome ndiye aliyesema. "Mwalimu. Hiyo si ntumba?"

Niwaeleze. Huku Ufipa, mvua zikikolea, kila familia iko shambani inatengeneza ntumba. Tunakata majani na magugu, tunayafunika kwa udongo, yanaozea humo ndani. Juu yake tunapanda maharage, na msimu unaofuata tunakibomoa kilima, tunatawanya ule udongo mweusi na kupanda mahindi au ulezi. Ukiacha kufanya hivyo mahindi yanatoka ya njano, mafupi, aibu tupu. Mtoto wa huku anajua ntumba kabla hajajua kuandika jina lake. Mimi mwenyewe ni mtu wa Chala, nimekulia kwenye ntumba, viganja vyangu mpaka leo vinashuhudia. Na nilikuwa nimesimama mbele ya darasa wiki nzima nikijadili na uso mkavu kwa nini mwanamke afukie majani.

Jumamosi wote hawa walikuwa mashambani wanafukia majani. Jumatatu wakakaa kwenye mtihani wakaandika kwamba anayefukia majani ni mwendawazimu. Wengine waliandika na malengelenge ya jembe mkononi. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu wa kitabuni anaweza kufanya jambo tunalofanya sisi. Tuliamini watu wa vitabuni hufanya mambo ya vitabuni.

Kelele zilizozuka hapo sijapata kuzisikia. Wote wanasema kwa mpigo.

"Kumbe Nyasoro ni Mfipa," Meshack akasema, taji limemning'inia sikioni.

"Nani kakwambia ni Mfipa?" Salome akamjia juu. "Ni mkulima. Kwani wakulima wako huku tu?"

"Ardhi imechoka, si ndivyo anavyosema yule tarishi onyesho la kwanza? Ardhi ikichoka unafanyaje?"

"Unaipa majani."

"Sasa 'naufukia mwaka huu' maana yake nini?"

"Maana yake anaufukia uoze, mwakani watu wale."

Niliwaacha wabishane. Dhamira niliyokuwa naitafuta ubaoni kwa chaki tangu muhula uanze, wao walikuwa wanaichimba kwa jembe mbele ya macho yangu, mmoja anaanza sentensi mwingine anaimalizia.

Anjela alikuwa bado kando ya kilima chake. Nikamfuata alipokuwa amesimama na jembe.

"Haya, wakili. Bado mteja wako ni kichaa?"

Akatabasamu, kisha tabasamu likapotea. "Mwalimu, kitabu hakitaji ntumba popote. Nikienda kusema hivi Matai watasema nimetunga. Safari hii sifuri watanipa mbele za watu."

Alikuwa na haki. Kuna tofauti kati ya kukielewa kitabu na kukibandikia mambo ya nyumbani kwako, na tofauti hiyo ndiyo kazi yangu. Nikamwambia, "Kama ni kweli, kitabu chenyewe kitakuwa kimeacha alama mahali. Kisome tena. Kisome kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya nyumba, inua kila kitu."

Akaondoka na nakala yangu, ile isiyo na jalada. Siku zilizofuata nilimwona nayo kila mahali, kwenye foleni ya uji, kwenye ngazi za darasa, chini ya ukingo wa paa mvua ikinyesha. Nilimwuliza kama ameona chochote. Akasema, "Bado natafuta, mwalimu." Nikamwuliza tena siku ya safari. Akasema ameandika hotuba ya kumwombea kichaa msamaha, Mwalimu Isdori ameipitia na kuipenda.

Matai siku hiyo ilikuwa imejaa. Shule zilitoka Kalambo, Nkasi na Sumbawanga, na kwa kuwa ilikuwa siku ya gulio, wazazi na wauza maharage nao waliingia ukumbini kuona hiyo kesi ya watoto ni kesi gani. Waliokosa viti walisimama nyuma, mapanga na majembe yao mapya yamefungwa magazeti. Majaji walikuwa watatu. Mwenyekiti wao alikuwa Bi Lucia, mwalimu mstaafu kutoka Dodoma, miwani puani, mama ambaye ukimtazama tu unanyoosha mgongo.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana anaitwa Loth, kutoka shule moja ya upande wa Kasesya, mpakani. Mtoto aliyekulia kwenye foleni za malori anajua kusema, acha kabisa. Alisimama ameshika karatasi zake za mwongozo, nilizitambua kwa rangi, lakini alizitia moto.

"Waheshimiwa majaji," alisema, "watu wanakufa kwa njaa. Mama wa nchi anaiba mbegu. Anazila, kibuyu kinakutwa kitupu. Kisha anakwenda bondeni kuzika nyasi. Nyasi, waheshimiwa. Angekuwa na akili, si angezika maiti?"

Ukumbi ulilipuka. Meshack aliyekuwa ubavuni kwangu alipiga makofi kabla hajakumbuka yuko upande gani. Isdori alininong'oneza, "Huyu kijana ni hatari," na nikakubaliana naye kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Akaitwa wakili wa utetezi. Anjela akaenda mbele na sweta lake. Akapiga goti kidogo, akapiga makofi ya taratibu kuwasalimu wakubwa, vile tunavyosalimia huku, na wazee wa nyuma wakamwitikia kwa makofi. Akafunua karatasi yake.

"Waheshimiwa majaji, upande wa utetezi unaomba mshtakiwa asamehewe, kwa kuwa mshtakiwa ni mwenda..."

Akanyamaza. Isdori alikuwa anamalizia sentensi kwa midomo, kimyakimya. Mimi nilikuwa nimeishika benchi kwa mikono miwili. Mtu wa nyuma akakohoa, mwingine akaanza kucheka. Nilitaka kuinuka nikamtoe pale. Nilikuwa nimemsukuma mimi, na sasa alikuwa anaungua mbele ya wilaya tatu.

Anjela akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa sweta, palepale alipoiweka ile ya sifuri.

"Samahani, waheshimiwa," akasema. "Hayo si yangu. Naomba nianze upya."

Bi Lucia akatikisa kichwa kumruhusu.

Anjela akaugeukia ukumbi. "Naomba niulize. Jumamosi iliyopita nani alikuwa kwenye ntumba?"

Kwanza vijana wakachekana, hakuna anayetaka kuonekana mshamba mbele ya shule nyingine. Kisha mama mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Wa pili. Mzee mwenye jembe jipya akalinyoosha na jembe lenyewe. Halafu mikono ikaanza kuota katikati ya sare za shule, hapa na pale, mpaka ukumbi mzima ukawa mikono. Nikageuka, nikaona hata Isdori ameinua wake, nusu, kwa aibu.

"Mama, wewe wa nyuma, shikamoo. Ulikuwa unafukia nini?"

"Marahaba. Majani, mwanangu. Majani na magugu."

"Ulikuwa umekata tamaa?"

"Tamaa ya nini tena? Nataka mahindi."

Watu walicheka mpaka vumbi likadondoka darini. Bi Lucia akagonga meza. Alingoja kimya kirudi, akashusha miwani.

"Wakili," akasema, "umechangamsha ukumbi. Lakini mimi si mwenyeji wa huku, na shamba la huyu mama halimo katika tamthilia. Hapa tunahukumu kitabu. Nionyeshe kwenye kitabu."

Hilo ndilo swali tuliloliogopa nyuma ya madarasa, na lilikuwa swali la haki. Ningekuwa mimi jaji ningeuliza hilohilo. Nikamtazama Anjela, nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa analingoja.

Akaitoa nakala yangu isiyo na jalada.

"Naomba kila mwenye kitabu afungue ukurasa wa mwisho. Sabini na moja. Sio maneno ya wahusika. Yale maelezo ya mlazo, ya jukwaani, ambayo huwa tunayaruka." Akasoma polepole: "'Mjukuu wa Mtemi anaingia kutoka upande wa bondeni, akitafuna hindi. Anapita.'"

Akakishusha kitabu.

"Hasemi kitu. Anapita tu, na mchezo unakwisha. Waheshimiwa, ghala liliungua onyesho la nne, na mbegu zote ndani yake. Watu wote walikuwa uani wakisifu, hakuna aliyeshika jembe. Onyesho la kwanza tarishi amesema ardhi imechoka, haizai. Naomba mwendesha mashtaka anisaidie. Hilo hindi limetoka wapi?"

Sijawahi kusikia sauti ya namna ile, kurasa za vitabu chakavu zikifunuliwa ukumbi mzima kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile nikiwa msichana, nimekisoma chuoni, nimekisoma kufundishia. Yule mjukuu alikuwa amenipita mbele ya macho na hindi lake mara zote hizo.

"Sisi tungengoja msimu wa pili tukabomoa ntumba," Anjela akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imemkaa. "Yeye hakuwa na nafasi ya kungoja. Alipanda hapohapo juu. Ndiyo maana kibuyu kilikuwa kitupu. Hakuzila mbegu, alizipanda. Mtemi alikuwa na ghala, akalinda chakula cha leo. Nyasoro alikuwa na kibuyu kimoja, akashika cha kesho. Walipomwuliza, aliwajibu kweli tupu, ila walikuwa wamekaa uani muda mrefu wakasahau kulima, hakuna aliyemwelewa. Nasi hatukumwelewa, na tunalima. Siombi asamehewe. Hana kosa."

Akapiga goti kidogo, akarudi kukaa.

Bi Lucia alikuwa amelaza kitabu chake mezani, kidole kimekaa juu ya mstari ule. Alivua miwani, akaivaa, akasoma tena. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Mwendesha mashtaka, una nafasi ya kujibu."

Loth akasimama. Alishika karatasi zake, akazipanga zikalingana, akazitazama muda mrefu. Nilijua alikuwa na maneno. Kijana kama yule hakosi maneno. Wenzake walikuwa wanamvuta shati wakimpa hoja. Akaziweka karatasi mezani, chali.

"Waheshimiwa majaji," akasema, "Jumamosi mimi nilikuwa shambani na mama yangu. Tulifukia majani tangu asubuhi." Akazisukuma karatasi pembeni. "Mashtaka nayafuta."

Akakaa.

Vigelegele vilianzia kwa wale akina mama wa nyuma. Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Najua nilimkumbatia Isdori, jambo ambalo hatujalizungumza tena tangu siku ile. Najua Meshack alipanda juu ya benchi. Najua Loth alivuka ukumbi akaja kumpa Anjela mkono, akamwambia, "Mshikaji, umeniua," na Anjela akacheka kwa sauti, kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Ushindi tulipewa, na kikombe. Bi Lucia aliponipita mlangoni alinishika kiwiko akaniambia amefundisha kitabu kile maisha yake yote.

Njiani kurudi Sumbawanga watoto waliimba mpaka wakakauka koo. Isdori alikuwa kimya kiti cha mbele. Kabla hatujafika mbali akageuka.

"Anjela, hebu nipe hicho kitabu."

Akakisoma barabara nzima, giza lilipoingia akawasha tochi ya simu. Tulipoona taa za mji akauliza, kama anayejisemea mwenyewe, "Na hili hindi limekaa hapa siku zote?"

"Siku zote, mwalimu," Anjela akajibu kwa heshima. Meshack alijiziba mdomo.

Tuliposhuka, Anjela alibaki nyuma ananingoja. Alikuwa na swali, na lilikuwa zito kuliko yote ya siku ile.

"Mwalimu, Matai niliwaona majaji, nikawauliza, wakafungua kitabu. Kwenye mtihani simwoni anayesahihisha. Nikiandika hivi, atanipa alama?"

Ningeweza kumdanganya, alikuwa na furaha, ingepita. "Sijui," nikamwambia. "Andika namba ya ukurasa. Umlazimishe kufungua."

Akafikiri. "Basi nitaandika," akasema, akaenda zake.

Mwisho wa muhula tulibadilishana tena mitihani na shule ileile. Swali la tamthilia likaja vilevile, uhusika wa Nyasoro. Bahasha iliporudi niliifungua nimesimama. Nikaipata karatasi ya Anjela. Ameandika yote, tarishi, mundu, kibuyu, hindi, na ukurasa kwa kila kitu. Pembeni ilikuwa kalamu ileile nyekundu, mwandiko uleule. Ilikuwa imeanza kuandika "Rejea mwongo", ikaishia hapo, ikajikata kwa mstari.

Chini yake iliandikwa: "Uk. 71. Nimefungua. Nimeliona hindi." Na alama zote.

Kidato cha pili walinisikia tena.